Tanzia: Timu ya Mpira ya Chuo cha Kiungani

Habari za msiba huu ziwafikie watu wa Magila Msalabani na Hegongo, Wabondei wote wa Muheza, ukoo wa Kilindi popote ulipo, jamaa wa Korogwe na Vuga, ndugu wa Masasi na Newala, wazee wa Mbweni na Mkunazini kule Unguja, pamoja na wote waliosoma Minaki. Timu ya mpira wa miguu ya Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, imefariki. Ilianza kuugua Agosti 1914, ikalala kitandani vita vyote, ikakata roho mwaka 1925 chuo kilipofungasha virago kwenda Minaki, karibu na Kisarawe. Haikuwekewa matanga. Watu walikuwa na vifo vingine vya kulia, na kwa hilo hawana lawama. Lakini karne nzima imepita, na deni la msiba halifutiki kwa kucheleweshwa.

Msiba huu natangaza nikiwa Kifungilo, juu ya Lushoto, na najua swali litakalokuja. Mtu wa milimani, anayelima viazi na kabichi katikati ya ukungu, anaombolezaje timu ya kisiwani? Tena Kifungilo ni ya Wakatoliki. Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, walifika Gare hapo jirani mwaka 1897, na shule ya wasichana ya St. Mary's iliyopo hapa imelelewa na Masista wa Damu Azizi. Kiungani ilikuwa ya Waanglikana wa misheni ya UMCA. Kwa madhehebu hatuhusiani kabisa. Kwa mpira tunahusiana, na kwa historia tunahusiana zaidi, maana mlango wa bara ambao misheni ile iliupitia ulifunguliwa huku kwetu.

Mwaka 1867 mmisionari mmoja wa UMCA, Alington, alipanda milima hii mpaka Vuga kuomba ruhusa kwa Simbamwene, mfalme wa Usambara. Mfalme alijua kupokea mgeni bila kumkabidhi nyumba. Hakumpa Vuga. Alimruhusu kukaa Magila, kule chini Bonde, ambako angeonekana na kuangaliwa. Hivyo ndivyo Magila ilivyozaliwa, na kutoka Magila vijana wakaanza kuvuka bahari kwenda kusoma Kiungani. Wabondei walivuka, na wana wa Kilindi, ukoo wa watawala wa Usambara, wakavuka pia. Anayesema timu ile ilikuwa ya Waunguja peke yao aanze kwanza kwa kuuliza wachezaji walitoka wapi.

Walitoka kila mahali, na huo ndio utajiri wa marehemu. UMCA walitia nanga Unguja mwaka 1864, mwaka mmoja tu baada ya Chama cha Soka cha Uingereza kuandika sheria za mchezo kule London. Askofu Tozer alipokewa na Sultani Majid, akapewa wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi la biashara ya utumwa. Shule ilianza na hao watano. Baadaye ikapata makao Kiungani, kusini ya mji, karibu na bahari, na manowari za Kiingereza zikaendelea kuleta watoto walionyang'anywa mikononi mwa wafanyabiashara: Wayao, Wanyasa, Wamakua, watoto ambao wengine hawakukumbuka tena jina la kijiji chao. Mwaka 1887 simulizi zao wenyewe zilitolewa katika kitabu kilichotafsiriwa na mmisionari Madan, nacho kinaitwa kwa jina la chuo. Anayetaka kujua ni watoto wa namna gani waliokuwa wakikimbia kwenye kile kiwanja, asome kile kitabu kwanza, kisha ndipo afikirie mpira.

Walimu wao walitoka vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Misheni yenyewe ilibeba jina la vyuo hivyo. Watu hao walikuwa wamelelewa kuamini kwamba kijana asiyecheza hajakamilika, na kwamba kiwanja kinafunza yale ambayo mahubiri hayayafikii. Wakaja na mpira na kriketi mizigoni pamoja na misale. Kiungani mchezo ukawa sehemu ya siku kama sala, kama hesabu, kama kazi ya kiwanda cha uchapaji. Maana Kiungani palikuwa na mtambo wa kuchapa, na wanafunzi hao hao ndio waliopanga herufi. Tangu mwaka 1888 walikuwa wakitoa gazeti lao la Kiswahili, *Msimulizi*, lililokusanya habari za vituo vya misheni kutoka Magila hadi Nyasa. Vidole vilivyoshika herufi za risasi asubuhi, jioni vilifunga kamba ya mpira.

Kamba hiyo niieleze, kwa kuwa watoto wa leo hawajaiona. Mpira wa enzi zile ulikuwa wa vipande vya ngozi nene vilivyoshonwa kwa mkono, ndani mna kibofu, tulichokuja kukiita blada. Upande mmoja uliachwa mpasuko. Blada ikisha kujazwa upepo, mdomo wake unafungwa kwa uzi, unasukumwa ndani kwa kidole, kisha mpasuko unabanwa kwa kamba ya ngozi kama kiatu. Aliyeufunga vibaya aliacha nundu. Aliyepiga kichwa mahali pa nundu aliondoka na alama kwenye paji la uso. Mpira ukilowa unakunywa maji na kuwa mzito, na mguu mtupu ndio unaoujua uzito huo. Kwenye mchanga wa pwani ulidunda kidogo tu. Huku milimani, mwezi wa saba ukungu unaposhuka na majani yanaloa mpaka saa sita mchana, mpira wa namna hiyo ulikuwa adhabu. Aliyeweza kuupiga ukavuka nusu ya uwanja alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Wapinzani wa Kiungani walikuwa mabaharia wa manowari zilizotia nanga bandarini, na Wazungu wa kampuni ya simu za chini ya bahari. Tutulie kidogo hapo. Kijana aliyefika Unguja akiwa na alama ya kamba shingoni anasimama uwanjani mbele ya baharia wa Mfalme wa Uingereza, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, mwamuzi mmoja, sheria moja. Nje ya mstari mmoja alikuwa mtawala na mwingine mtawaliwa, na kila mtu alilijua hilo. Ndani ya mstari, kwa muda wa mchezo mmoja, walipimwa kwa miguu. Sisemi mpira uliwapa uhuru. Nasema uliwaonyesha mahali ambapo uhuru unaweza kujaribiwa, na mtu akishaonja kitu hicho hasahau.

Na ndani ya timu yenyewe kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi, kama mtu wa Usambara, nalithamini kuliko hilo la mabaharia. Hugh Peter Kayamba alikuwa mtoto wa Mwelekwanyuma, mtawala wa Kilole, wa ukoo wa Kilindi, damu ya Kimweri za Nyumbai, aliyekuwa mfalme wa Usambara. Alisoma Kiungani, akapelekwa Uingereza katika miaka ya 1880 kuendelea na masomo, akarudi kufundisha. Chuo kilichomlea kililea pia watoto waliokuwa wameuzwa sokoni. Wakati wa vita vya ndani vilivyofuata kifo cha Kimweri, watu wa milima hii walikamatana na kuuzana wao kwa wao, na waliouza walikuwa watawala. Sasa mwana wa waliouza na mwana wa waliouzwa walilala bweni moja na kuvaa jezi ya rangi moja. Sidhani kama palikuwa na mahali pengine katika pwani yetu, miaka ile, ambapo jambo hilo lilifanyika kila siku bila kutangazwa.

Vijana hao walirudi bara wakiwa walimu. Walifungua madarasa Bonde, Korogwe, Masasi na Newala. Kijana aliyecheza kila jioni kwa miaka kadhaa hakuiacha miguu yake Unguja. Popote penye mwalimu wa Kiungani palihitajika kitu cha kufanya na watoto baada ya kengele ya mwisho, na mwalimu alijua kitu kimoja kilichohitaji mpira tu na miti minne.

Kisha ikaja Agosti 1914.

Jimbo la Zanzibar la UMCA lilikuwa limetandazwa juu ya mpaka. Unguja ilikuwa chini ya Waingereza. Magila, Korogwe, Masasi na Newala zilikuwa chini ya Wajerumani. Kwa muda wa siku moja chuo kikajikuta upande mmoja wa vita, na makwao ya wanafunzi wengi upande wa pili. Kijana wa Muheza, ambaye siku za kusi huweza kusimama ufukweni na kuwaza moshi wa jikoni kwao ng'ambo, hakuweza kurudi nyumbani, na mdogo wake hakuweza kuja kuchukua nafasi yake. Machi 1915 Waingereza wakatangaza rasmi kuifunga pwani yote. Timu ya chuo huishi kwa wanafunzi wapya wanaoingia kila mwaka wakati wakubwa wanatoka. Chemchemi ya timu ile ilikuwa bara, na bara ilizibwa.

Upande wa wapinzani nao haukusalimika. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo, pale meli ya Kijerumani Königsberg ilipotokea na kuipiga mizinga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya thelathini walikufa, na makaburi ya wengi wao yapo kisiwani Chapwani hadi leo, anayekwenda huko kuogelea anayapita. Walikuwa vijana wa rika lile lile la mabaharia waliokuwa wakishuka nchi kavu kutafuta mechi. Baada ya asubuhi ile hakuna aliyeshuka melini kuulizia uwanja.

Mwezi wa kumi na moja vita vikafika Tanga. Jeshi la Waingereza na Wahindi la watu wapatao 8,000 lilishuka pwani, likapambana na askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck waliokuwa kama 1,000 tu, wengi wao wakiletwa kwa treni kutoka Moshi kupitia Mombo hapo chini yetu. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 Waingereza wakashindwa na kurudi majini. Kwa Wabondei wenye elimu ya Kiungani, ushindi ule wa Mjerumani ulikuwa mwanzo wa mateso. Walisali kanisa la Kiingereza, walikuwa na marafiki Unguja. Wakashukiwa ujasusi. Mapadri na walimu Waafrika wa UMCA wakakamatwa, wakatembezwa kwa miguu mamia ya kilomita kwenda Kilimatinde na Tabora, wakafungwa na kufanyishwa kazi ngumu. Wengine hawakurudi. Walioachiwa waliachiwa Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Tabora.

Mmoja wa mateka hao alikuwa Martin Kayamba, mtoto wa Hugh Peter. Alizaliwa Mbweni mwaka 1891, akasoma Kiungani, akafanya kazi Mombasa na kwingineko, na vita vilimkuta upande wa Wajerumani alikokwenda kwa biashara. Kwa hiyo mjukuu wa mtawala wa Kilole alipitishwa akiwa mfungwa katika nchi ambayo babu zake waliitawala. Nalitaja hilo kwa sababu nitamrudia.

Waliobaki upande wa Unguja hawakuachwa. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston, ambaye tangu 1901 alikuwa mkuu wa Kiungani kabla ya kupewa uaskofu mwaka 1908, alikusanya kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, watu wapatao 2,500, akakiongoza mwenyewe kwa cheo cha meja. Walibeba mizigo ya jeshi kando ya pwani kuelekea Dar es Salaam. Weston alitembea nao, na wengi wamemsifu kwa hilo. Mimi namsifu pia, lakini sifa hiyo haiondoi ukweli kwamba vita havikuwa vya wapagazi. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, na hesabu hizo ni za waliokuwa wameandikwa tu. Huku kwetu Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Walijenga reli nyepesi ya kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo hadi Handeni, na waliosukuma ni vijana wa nchi hii. Juni 1916 Waingereza wakaingia Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal wakati huo, na amri zikabadilika lugha. Mizigo ilibaki ile ile.

Kule Uingereza, mwanzoni mwa vita, palikuwa na mabishano makali kama mpira uendelee au usimame. Msimu wa 1914 hadi 1915 ulichezwa mpaka mwisho, Everton wakachukua ubingwa, na ndipo ligi ikasimamishwa hadi 1919. Mechi ya kila mwaka ya Oxford na Cambridge, vyuo vilivyowatuma walimu Kiungani, nayo ilisimama. Marekani mwaka 1918 timu nyingi za vyuo zilifuta mechi zao kwa ajili ya vita na homa kubwa ya mafua. Hao wote waliulizwa, wakajadili, wakaamua, wakaandikwa magazetini. Kiungani haikuulizwa. Hakuna kikao kilichokaa kusema msimu umefutwa. Timu ilikosa tu watu, jioni baada ya jioni, na kengele ya mchezo ikawa inawaita wasiokuwepo. Kinachoniuma zaidi katika msiba huu ni hicho.

Vita vilipokwisha Novemba 1918, mafua yakafuata, yakaua hata milimani. Nchi yote ya bara ikawa chini ya Waingereza, na hapo ungetegemea chuo kingepata nguvu mpya, kwa kuwa mpaka haukuwepo tena. Ikawa kinyume. Hapakuwa tena na sababu ya kuwavusha vijana bahari wakati wengi walitoka bara na walikuwa wanarudi kufanya kazi bara. Weston, aliyekuwa ameandika kijitabu mwaka 1920 kuipinga serikali yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, alifariki Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, akazikwa Magila. Mwaka uliofuata chuo kikahamia Minaki. Uamuzi ulikuwa wa busara, naukubali. Lakini timu ni mahali pia. Ina uwanja wake, upepo wake wa bahari unaopindisha kona, wapinzani wake wanaotoka upande ule ule kila mara. Minaki walipata timu mpya, na nzuri. Ya Kiungani ilibaki Kiungani.

Marehemu ameacha watoto wengi, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu wa Tanga wanisikilize.

Martin Kayamba alipotoka kifungoni aliingia kazi ya serikali Tanga. Mwaka 1922 akaanzisha pale chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Kilikuwa na mahali pa kukutania, magazeti ya kusoma, na timu ya mpira. Kiliwapokea Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara, katika mji ambao makundi hayo yalikuwa na sababu nyingi za kutoketi pamoja: waliosoma shule za Wajerumani na waliosoma kwa Waingereza, walioshinda vita na waliofungwa. Wanahistoria wanakihesabu chama hicho miongoni mwa mizizi ya African Association iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1929, na huko ndiko TANU ilikotoka mwaka 1954. Watu wamezoea kuieleza historia hiyo kwa hotuba na barua. Wanasahau kiwanja. Kayamba alijifunza wapi kwamba mwana wa Kilindi, Myao aliyekombolewa na Mswahili wa Unguja wanaweza kuwa upande mmoja? Mimi najibu bila kusita: Kiungani, na sehemu kubwa ya somo hilo ilifundishwa jioni, nje ya darasa.

Watoto wengine wametawanyika. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926, Kenya dhidi ya Uganda, mwaka mmoja baada ya marehemu kuzikwa. Kombe hilo lilipona pale ambapo Kiungani haikupona, maana Vita Kuu ya Pili ilipokuja, lilichezwa katikati ya vita vyenyewe. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na kuanzia 1949 ikalichukua miaka mitatu mfululizo. Kule Dar es Salaam, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi pakawa mtaa wa Kariakoo, na miaka ya 1930 vijana wa mitaa hiyo wakazaa Yanga na Simba. Tanga ikapata African Sports na Coastal Union, na mwaka 1988 Coastal, Wagosi wa Kaya, wakawa mabingwa wa Tanzania Bara. Siku ile Usambara nzima ilicheza ngoma. Nani aliyemkumbuka babu wa babu yao?

Hapa Kifungilo watoto wa marehemu nawaona kila jioni isiyo na mvua. Uwanja wa mlimani una upande wa juu na upande wa chini, na kabla ya mchezo ubishi ni nani aanze kushambulia kwenda bondeni. Mpira mara nyingi ni wa makaratasi na soksi, umekazwa kwa kamba za migomba zilizosokotwa mpaka zinalia zikiguswa. Ukitoka nje upande wa chini, unakwenda. Unapita kwenye mahindi, unapita mfereji, unasikika kwenye mikaratusi, kisha kimya. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayetumwa. Wengine wanakaa chini kumsubiri, na katika kusubiri huko ndipo yanapozungumzwa mambo yote ya kijiji. Hawajui kwamba mchezo wao una ukoo. Hakuna aliyewaambia, na shule hazina kitabu kinachosema.

Na shule zenyewe zimeutenda mpira vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa katika nchi hii kwa kisingizio kwamba yanapunguza masomo, na yaliporudi kizazi kizima kilikuwa kimepita. Shule za kata zilipojengwa kwa haraka baada ya 2006, darasa lilipata ardhi na uwanja ukakosa, au uwanja uliokuwepo ukamegwa. Kwenye milima, ambako tambarare ni haba kuliko dhahabu, uwanja ukishamegwa haurudi. Kiungani iliuawa na vita. Viwanja vyetu tunaviua wakati wa amani, kwa mihuri na vikao, na hilo halina utetezi wowote ninaoweza kuukubali.

Kwa hiyo sitaki tanzia hii iishie kwenye kulia. Wabondei hukaa matanga kwa kukutana, na Wasambaa vivyo hivyo. Jamaa hawaagani kwa barua. Napendekeza mechi ya kumbukumbu kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 2 Novemba, siku aliyokufa Weston na siku majeshi yalipoanza kushuka Tanga. Ichezwe Magila. Minaki waalikwe kama warithi wa jina la chuo. Masasi na Newala walete timu, na Unguja ilete timu kutoka mitaa ya Mbweni. Shule za Lushoto na Korogwe ziunde kikosi kimoja cha milimani. Kabla ya mpira kuanza, yasomwe majina ya mapadri na walimu waliofungwa Tabora, yaliyomo katika kumbukumbu za kanisa, na watoto wayasikie kwa sauti. Chama cha mpira cha mkoa wa Tanga kina uwezo wa kulisimamia hili bila kusubiri fedha za mtu, kwa maana kinachohitajika ni basi, maji na mwamuzi.

Na mechi ya ufunguzi iwe ya wasichana. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakaifunga Ufaransa, wakafika robo fainali, jambo ambalo wanaume wa nchi hii hawajalifikia katika kombe lolote la dunia. Kiungani ilikuwa ya wavulana peke yao. Wasichana wa misheni ile waliwekwa Mbweni, mbali na uwanja. Mabinti wa Kifungilo wanaweza kushuka kwa barabara ya Soni na Mombo asubuhi na mapema, wakafika Muheza kabla ya jua kuwa kali. Mpinzani wao awe timu ya wasichana wa Mbweni.